Ndoo Haimo Pichani

Nilifundisha Kiswahili miaka kumi na tisa, na mwanafunzi wangu wa mwisho alikuwa mamangu mzazi. Alikuwa msikivu kuliko wote. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani natafuta wa kumlaumu huko ng'ambo ambako mashine zinatengenezwa. Lawama zipo na nitazigawa, lakini fungu kubwa ni langu, na nimelikalia.

Sisi ni watu wa Mvita. Nyumba ya babu ilikuwa kisiwani, vichochoroni, ikauzwa warithi walipokuwa wengi kuliko vyumba. Mamangu akaja Mishomoroni na sanduku la vitabu, vyombo vyake vya shaba na msemo wake. Jirani wa kulia alikuwa Mgiriama, wa kushoto alitoka bara, na ng'ambo ya barabara palikuwa na mafundi wa pikipiki wanaosema Sheng mchana kutwa. Aliishi nao wote kwa wema, wala hakubadili herufi moja. Wengine wakisema macho, yeye alisema mato. Mchele kwake ni mtele, mchanga ni mtanga, na kucheka ni kuteka. Kimvita kina t mbili, moja ulimi hugusa meno na nyingine hupanda juu kidogo, na mamangu hakuzichanganya hata siku aliyokuwa na homa.

Sebuleni kwake palikuwa na chuo. Kwetu Pwani chuo ni pale watoto wanaposomea Kurani, hata kama ni mkeka na ubao tu, na mamangu aliwasomesha wasichana wa mtaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Akimaliza msahafu huwatolea beyti za zamani zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akawafunulia maana neno kwa neno. Watu walitoka hata Likoni kuja kumuuliza neno moja tu. Mtu akitaka beyti ya kumuaga bibi harusi, au watu wakibishana juu ya usemi, walisema, twende kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa yeye. Mimi niliyekuwa na cheti cha ualimu hakuna aliyeniita hivyo nje ya lango la shule.

Shule yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, upande wa Bombolulu. Mwaka mmoja mwenye shule akanunua vishikwambi vyenye masomo yaliyorekodiwa tayari, akatuita walimu watatu ofisini, akatwambia dunia imebadilika. Kishikwambi hakiumwi, alisema, wala hakiombi ruhusa ya kwenda msibani. Alitupa soda moja moja, akatuaga. Somo la Kiswahili lililomo mle nililisikiliza kabla ya kukusanya vitabu vyangu: dada wa watu anafundisha ngeli kwa sauti nzuri, na hajui kwamba kuna watoto wanamsikiliza ambao nyanya zao wangemfundisha yeye.

Nikakaa nyumbani miezi. Halafu nikasikia kuna semina ya bure katika ukumbi wa jumuiya, nikaenda, maana mtu asiye na kazi huenda popote penye viti. Mtoa mada alikuwa kijana aliyevaa suti iliyombana, akatwambia kwamba siku hizi utajiri haumo ardhini, umo vichwani, na kwamba maarifa ndiyo mafuta mapya. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamkumbuka shangazi yangu aliyezeekea Changamwe, mabomba ya mafuta yakipita nyuma ya nyumba yake, na mpaka alipokufa alikuwa akipikia makaa. Kama maarifa ndiyo mafuta mapya, nikasema moyoni, basi nasi tutakuwa watu wa kupitishiwa mabomba. Nilijiona nina akili sana siku ile. Na bado nilijiandikisha.

Kazi ilikuwa hivi. Kampuni moja ya nje ilikuwa inaifunza mashine Kiswahili, kukisikia na kukisema, na ilitaka sauti za watu. Ulikuwa ukipewa sentensi kwenye simu, unazisoma, unazituma. Hiyo ndiyo ngazi ya chini, na malipo yake ni ya kununulia mkate. Ngazi ya juu ni ya mkaguzi, anayesikiliza rekodi za wenzake na kuzipa alama ya kijani au nyekundu, na mkaguzi anaandikwa kwa mkataba. Mimi, mtu wa kusahihisha tangu ujanani, nikaona kazi hiyo imeumbwa kwa ajili yangu. Sharti lake lilikuwa moja. Mashine ilikuwa na sauti za vijana tele lakini haikuwa na wazee. Anayetaka ukaguzi alete mzee wa zaidi ya miaka sitini, aelezee picha mia moja kwa maneno yake mwenyewe, na rekodi zote mia zipate kijani.

Nikacheka peke yangu. Wengine wangehangaika kutafuta mzee, na mimi ninaye sebuleni, mwalimu wa walimu.

Mamangu nilimweleza baada ya sala ya alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani mashine hini haina mamaye wa kuifunza kusema?" Nikamwambia haina. Akasikitika kidogo, sijui kwa utani au kwa kweli, akasema basi yatima hafukuzwi, ilete.

Kwanza palikuwa na fomu. Jina, umri, mahali alipozaliwa, kisha kiwango cha elimu. Nikamsomea yaliyopo: hakuna, msingi, sekondari, chuo. Mamangu alizaliwa wakati wasichana wa kwetu hawapelekwi shule ya serikali. Akasema nitie chuo. Nikamwambia si chuo hicho, mama, hicho ni cha mambo ya digrii. Akauliza kwani hapo kimeandikwa chuo gani. Nikatazama tena simu, kilikuwa kimeandikwa chuo tu. Nikagusa penye hakuna. Hakuona, hakuwa na miwani, na mimi nikapita haraka kwenda ukurasa wa pili.

Picha ya kwanza ilikuwa ya watoto watatu wamekaa kwenye majani, vinywa wazi, wamefurahi. Mamangu aliisogeza simu mbali, akaikaribisha, akasema kwa ile sauti yake ya kusomesha: "Hawa wana wateka. Wateka hata mato yawatoka matozi. Sijui mwenziwao kawambia nini." Katika rekodi zote alizozitoa, mpaka leo hakuna niipendayo kama hiyo. Nikaituma. Picha ya pili ilikuwa ya mwanamke amesimama mlangoni, amenyoosha mkono kumwita mtu, na mamangu akaeleza kwamba huyu amwita mgeni wake, amwambia ndoo, ndoo uketi. Tukafanya kumi siku hiyo. Alifurahi, na aliuliza kesho mashine itasoma saa ngapi.

Asubuhi yake simu ilikuwa imejaa wekundu. Picha ya mwanamke mlangoni ilikataliwa kwa maneno haya: msemaji ametaja ndoo, ndoo haimo pichani. Ile ya watoto iliandikwa: maudhui ya uhalifu, msemaji anadai watoto hawa wanateka. Chini yake palikuwa na onyo kwamba nimesimamishwa mpaka nitoe maelezo, kwa kuwa kampuni haivumilii mambo ya utekaji nyara.

Nilimsomea mamangu, naye akateka mpaka akajishika ubavu, akasema basi leo nimekuwa mtekaji uzeeni. Hata nami nilicheka. Majirani tuliwahadithia. Kwa siku mbili ilikuwa ndiyo hadithi ya mtaa, na mafundi wa pikipiki walimwona akipita wakasema mama usitubebe mateka. Tulicheka kama watu ambao hawajajua kwamba wanachekwa wao.

Nikaandika maelezo marefu. Nilieleza kwamba panapo ch katika Kiswahili cha vitabuni, mara nyingi Kimvita kina t, na panapo nj pana nd, kwa hiyo ndoo ya mamangu ni njoo wala si ya maji. Nilieleza kwamba Kimvita ni Kiswahili kilichotungiwa mashairi kabla hicho sanifu hakijakaliwa kikao. Niliandika vizuri, nasema bila haya, niliandika kuliko nilivyowahi kuandika. Baada ya siku tatu nilifunguliwa, na jibu likaja, mistari miwili. Tunashukuru kwa mrejesho wako. Kwa sasa tunahitaji Kiswahili safi cha wasemaji asilia.

Maneno hayo mawili ya mwisho niliyarudia mara nyingi. Msemaji asilia alikuwa jikoni anapaa samaki.

Mkaguzi aliyetukataa alinipigia mwenyewe baadaye, kwa uungwana wake. Alikuwa kijana wa bara, sauti ya upole, ananiita madam. Alisema hana ubaya nami, ila mwongozo ndio mwongozo, na mashine ikichanganyiwa maneno itachanganyikiwa. Nikamuuliza kama amewahi kusikia mtu wa Mombasa akisema. Hapo akacheka, akasema, "Sana, madam. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa mtu wa huko kwenu, mkali ajabu. Ukiandika kitu cha nyumbani anakipigia mstari mwekundu, anakwambia hii ni lugha ya jikoni."

Si mimi niliyemfundisha, shule zetu ziko mbali. Lakini angeweza kuwa mimi. Miaka kumi na tisa watoto wa Kisauni waliniletea insha zenye mato na mtuzi na ndia, maneno waliyoyanyonya pamoja na maziwa, na kila neno nililipigia mstari kwa kalamu yangu nyekundu, nikaandika pembeni: sanifu tafadhali. Nilifanya hivyo kwa sababu ya mtihani. Mtihani ulitungwa Nairobi, na mtoto atakayeandika mato atapoteza alama, na mimi nitaulizwa. Jioni nikirudi nyumbani nilimsikiliza mamangu akisema maneno yale yale, nikamwitikia abee, wala sikuona kwamba mchana nilikuwa nikiwakatia watoto wa watu ulimi wake.

Kuna msemo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mamangu, kisha nikauleta ulimwengu sebuleni umfunze yeye.

Maana sikuacha. Ningeweza kusema basi, kazi hii haitutaki, tukabaki na kicheko chetu. Nilikuwa nautaka ukaguzi. Nilitaka kuamka asubuhi niwe mtu anayengojewa mahali. Nikamwambia mamangu kwamba tutaanza upya, lakini safari hii aseme kwa mtindo mwingine kidogo, wa redioni. Akauliza kwa nini. Nikasema mashine ni mgeni, na mgeni huzungumzishwa kwa lugha anayoifahamu. Hilo alilikubali, kwa sababu ni adabu, na mamangu alikuwa mtu wa adabu.

Basi tukawa tunakaa mkekani kila alasiri, pale pale walipokuwa wanakaa wanafunzi wake, yeye na simu mapajani, mimi mbele yake. Nilikuwa nikimwambia sema macho. Anasema mato. Nasema ma-cho. Anasema macho, halafu katika sentensi inayofuata yanarudi mato. Nazima, naanza tena. Picha moja ilituchukua saa nzima siku nyingine. Nilimkatiza katikati ya maneno, mimi ambaye tangu utoto sikuwahi kumkatiza mtu mzima, na yeye akawa ananyamaza mara ninapoinua uso. Siku moja aliisema sentensi yote vizuri, watoto wanacheka, macho yao yanang'aa, nikampigia makofi. Mama yangu wa zaidi ya miaka sabini nilimpigia makofi kama mtoto aliyejifunga kamba za viatu. Akatabasamu, Mungu anisamehe, akatabasamu kwa furaha.

Alianza kufanya mazoezi peke yake. Nilimsikia akifagia ua, akisema polepole: mchele, mchanga, machozi, mchuzi. Nilimsikia chooni. Nilijivunia. Sijui moyo wangu ulikuwa wapi nyakati zile, lakini najua nilijivunia.

Ilipofika picha ya sitini hivi aliniuliza swali. Tulikuwa tumemaliza, nimekwisha kutuma, na rekodi zote nane za siku hiyo zilikuwa zimerudi kijani.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Hivi nisemavyo siku zote, yalikuwa ni makosa? Na wale wana niliowafunza, niliwafunza makosa?"

Nikamwambia si makosa, ila si sanifu. Akauliza sanifu ni kipi. Nikasema ni kile kinachokubaliwa. Alikaa akingoja nimalize, kwa kuwa kwake yeye jibu lile halikuwa limefika mwisho, alitaka nimwambie kinakubaliwa na nani. Mimi nikainuka nikasema naenda kutia maji birikani.

Tangu siku hiyo maneno yake yakapungua. Sikulitambua mara moja, kwa sababu rekodi zilikuwa zinaenda vizuri na mimi nilikuwa nahesabu zilizobaki. Nililitambua siku alipokuja mke wa mtu kutoka mtaa wa pili, ana harusi ya bintiye, anataka kufafanuliwa neno katika beyti. Neno lenyewe hata mimi nililijua, nililisikia kwa mamangu nikiwa na miaka saba. Mamangu aliishika karatasi, akaitazama, akairudisha. Akasema, "Muulize mwanangu huyu. Yeye ndiye ajuaye Kiswahili."

Yule mama akadhani ni mzaha, akacheka. Kisha akaona si mzaha, akanigeukia, na mimi nikamweleza maana. Nilieleza sawasawa. Aliposhukuru, alimshukuru mamangu, si mimi, naye mamangu akaitikia kwa kichwa tu. Wasichana wa chuo akaendelea kuwasomesha Kurani, ila zile beyti za mwisho wa somo hazikutolewa tena, na nilipouliza alisema sauti inamkauka.

Rekodi ya mia ilipata kijani siku ya Jumatano. Nikawa mkaguzi. Nilinunua nyama ya mbuzi, tukapika pilau, na mamangu akala kidogo akasema limekolea, alhamdulillahi.

Nilifanya kazi ile miezi kumi, na niliifanya vizuri mno. Rekodi zilikuja kutoka kila pembe, na mwongozo nilikuwa nao kichwani. Ikaja sauti ya mzee, nahisi mtu wa Likoni au Mtongwe, anaelezea picha ya ufuo. Akasema mtanga huu ni mweupe. Sauti ilikuwa imetulia, mtu anayejua asemalo. Nikaisikiliza mara tatu. Ningeweza kubonyeza kijani, hakuna ambaye angenijua siku hiyo. Lakini kila mkaguzi ana mkaguzi wake, na alama zangu zilikuwa juu. Nikabonyeza nyekundu, nikaandika: matamshi si sahihi, neno ni mchanga. Nikanywa chai yangu.

Mamangu alipatwa na kiharusi asubuhi moja akitawadha. Alianguka upande wa kulia. Hospitalini waliokoa uhai wake, wakatuambia mkono utarudi kidogo na mguu utarudi kidogo, lakini usemi ulikuwa umekwenda. Alikuwa akitufahamu wote. Ukimsemesha anakutazama usoni, midomo inajikusanya, hakitoki kitu. Mtu ambaye maneno yalikuwa ndiyo mali yake yote alikuwa ananiomba maji kwa kidole.

Kliniki walitupa binti wa kumfundisha kusema, mwenye subira, aliyesomea kazi hiyo. Akanieleza kwamba kwa wagonjwa wengine maneno ya zamani sana, ya utotoni, ndiyo hurudi mwanzo, na kwamba inasaidia mtu akisikia sauti yake mwenyewe ya zamani akizungumza kwa kawaida. Akaniuliza kama tunazo rekodi zake zozote. Wenzangu katika chumba kile cha kungojea walikuwa wakitafuta video za harusi. Mimi nikasema ninazo mia.

Kumbe sikuwa nazo. Nilizoweza kuzifungua kwenye simu zilikuwa chache za mwisho, zilizokubaliwa. Nikazileta. Ikasikika sauti ya mamangu ikisema kwa uangalifu, neno baada ya neno, watu hawa wamekaa mezani, wanakula wali na mchuzi wa samaki. Baina ya maneno unasikia anavyojikagua. Katika moja unanisikia na mimi, nimesema cho kabla yake. Binti wa kliniki akasema, mama alikuwa na Kiswahili kizuri sana, kama mtangazaji. Mamangu alisikiliza mbili, kisha akageuza uso akaukabili ukuta.

Nikaiandikia kampuni. Sikuomba mengi. Niliomba zile rekodi kumi za siku ya kwanza, zilizokataliwa, nikaeleza ugonjwa, nikaeleza binti wa kliniki amesema nini. Nilitaka ile ya watoto. Nilitaka mamangu ajisikie akisema hawa wana wateka, na sauti yake ya kufundishia, kabla mtu hajamgusa. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, upesi kuliko majibu yao yote. Rekodi zilizokataliwa hufutwa baada ya siku thelathini. Zilizokubaliwa ni mali ya kampuni. Tunakuombea mgonjwa wako afya njema. Ngeli zote zilikuwa sawa, na nikajua hakuna mtu aliyeandika.

Baada ya mwezi mmoja walitutoa wakaguzi wote. Mashine sasa inajikagua yenyewe, walisema, imefikia kiwango. Tuliifunza ikahitimu, na sisi tukarudishwa nyumbani bila hata soda. Sikulia kwa hilo. Nilikuwa nimekwisha kulia kwa jingine.

Nilizunguka kutafuta sauti yake kwa watu. Mamangu hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti, alikuwa akisema hawezi kusema na asiyemuona. Harusi zilizorekodiwa, yeye alikuwa ndani na akina mama, na kamera haziingii. Wasichana aliowasomesha sasa ni mama wa watu, nikawapigia mmoja mmoja. Wanazikumbuka beyti. Wanamkumbuka alivyokuwa akisema. Mmoja alinisemea kwa simu, alimuigiza vizuri mpaka nikaketi chini, lakini alikuwa yeye, hakuwa mamangu.

Nikabaki na ulimi wangu mwenyewe. Nikaanza kumsemesha Kimvita, mimi niliyekizuia. Nilipomvisha nilisema hini ni kanzu yako, nilipomfuta uso nilisema fumba mato, nilipomletea chakula nilisema ndoo tule. Maneno yalinitoka makavu, na mengine ilibidi niyafikirie. Nilikuwa nayajua yote, na hata moja sikulisema kama yeye. Alikuwa akinitazama tu. Binti wa kliniki aliniambia nisikate tamaa, maana midomo imeanza kutii.

Ilikuwa mchana, nimechelewa na uji. Nilikuwa jikoni nikasikia sauti sebuleni, nikadhani ni redio ya jirani. Nikatoka. Mamangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, jasho limemtoka, mkono wake mzima umeshika tumbo, na midomo inafanya kazi. Miezi minane hakuwa ametamka neno. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia sema, mama, nakusikia.

Katika maisha yake yote mamangu hakuwahi kuona njaa. Aliona ndaa. Alivyofunga, alivyofuturu, alivyotuhadithia shida za udogoni mwake, ilikuwa ni ndaa, na hata katika zile picha mia halikuja neno hilo nikapata kulisahihisha. Nilikuwa nimelisahau likapona.

"Nja," akasema. Akapumua. Akajikusanya tena, kwa tabu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. "Njaa."

Machozi yalinibubujika. Nikamshika mkono, nikamwambia taratibu, nikilitafuta kwa ulimi mahali pake, "Ndaa, mama. Una ndaa. Sema ndaa."

Akatikisa kichwa. Alinitazama kwa huruma, kama alivyokuwa akimtazama msichana wa chuo aliyekosea herufi mbele ya wenziwe, akaukaza mdomo wake uliopinda, akanisahihisha.

"Njaa."